Uliza Mwalimu wa Karakana: Kiwandani Mlikwenda, Mliona Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa jambo moja: ziara za viwandani na atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kwa wanafunzi wa uhandisi. Nimeamua kuzipa safu nzima. Nilianza kazi katika karakana za reli hapa Nairobi, nikamalizia kwa kufundisha politekniki, na katika yote niliyofundisha hili ndilo ninaloliamini zaidi: mhandisi huiva pale anapokutana na chuma, maji na umeme vyenyewe, akiwa na mtu wa kumwonyesha. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

*Mwalimu, salamu. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, hapa Juja. Muhula uliopita tulipelekwa kiwanda kimoja Industrial Area, zaidi ya wanafunzi hamsini. Afisa aliyetutembeza alikuwa akishindana na kelele za mashine, na sisi wa nyuma hatukusikia neno. Baada ya saa moja tukapewa soda, tukapiga picha getini, tukarudi. Tukaambiwa tuandike ripoti ya kurasa kumi. Wengi tulinakili tovuti ya kampuni. Je, ziara hizi zina faida gani? — Mwanafunzi, Juja*

Mwanangu, umeuliza swali la haki. Ziara ya namna hiyo haimfai yeyote, na lawama si yako wala ya kiwanda. Watu zaidi ya hamsini hawawezi kujifunza kwa kumfuata mtu mmoja mahali ambapo hata aliye kando yako humsikii. Ila usivikatie tamaa viwanda. Kilichoharibika ni jinsi mlivyopelekwa.

Nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa nawapeleka wanane wanane, na kila wawili nawapa mashine moja. Kiwanda kizima hawakukiona na sikutaka wakione. Walikaa na mashine ile asubuhi nzima: wakaichora kwa mkono, wakamuuliza anayeiendesha, wakasoma kila kilichoandikwa juu yake.

Nikupe mfano unaoweza kuutumia kiwanda chochote utakachoingia, kiwe cha biskuti, cha mabati au cha sabuni. Tafuta mota. Ubavuni ina kibati kidogo, mara nyingi kimejaa vumbi na grisi. Omba ruhusa, hakikisha imezimwa, kifute, ukisome. Utaona volti, ampea, kilowati, hezi 50, na mizunguko kwa dakika. Sasa kumbuka darasani. Ulifundishwa kwamba mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wa hezi 50, uga wake wa sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika: 120 mara 50, gawanya kwa 4. Kibati kinakuambia 1440. Mizunguko 60 imekwenda wapi?

Hapo ndipo ziara inapoanza. Rota ya mota ya aina hii, ile sehemu inayozunguka, lazima ibaki nyuma kidogo ya uga unaoivuta. Ikiufikia, uga hauikati tena, umeme hauzaliwi ndani ya rota, na nguvu ya kuzungusha inapotea. Ikizunguka bila mzigo hukaribia sana 1500, na ukiibebesha mzigo inazidi kubaki nyuma. Haya yote unayo kwenye noti zako. Lakini muulize fundi wa umeme wa kiwanda: wewe unajuaje kama mota hii imezidiwa? Atakuonyesha mita ya kubana, ile inayozungushwa kwenye waya bila kuukata, asome ampea kisha alinganishe na kibati. Atakuambia hushika wapi kupima joto, na vanishi inanukaje inapoanza kuungua. Muulize tena: mara ya mwisho iliungua kwa nini? Huenda akakujibu kwamba fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, ilikatika, mota ikaendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki, ikivuta umeme kupita kiasi, hadi koili zikaungua. Jibu hilo lilitokana na hasara aliyoishuhudia mwenyewe, na huwezi kulipata kwenye tovuti ya kampuni.

Au simama karibu na pampu. Kama imekosa maji ya kutosha upande wa kuvuta, utasikia kana kwamba inapitisha kokoto. Ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa pale shinikizo linaposhuka mno, kisha yanapasuka kwenye mapanga ya pampu na kuyala chuma kidogo kidogo. Mwanafunzi aliyeisikia sauti hiyo mara moja hawezi kuisahau, na siku atakapochora mfumo wa mabomba atafikiri mara mbili kabla ya kuiweka pampu juu sana ya tangi.

Kama mna nafasi ya kuchagua siku, ombeni siku ya matengenezo. Wakuu wa viwanda hupenda wageni waone mashine zikizunguka, sakafu imepigwa deki. Mimi nachagua siku mashine imesimama, kifuniko kimetolewa, beringi ziko juu ya meza, na gia zinaonekana zimelika upande gani. Siku hiyo pia mtaona jambo la uhai. Swichi kuu imepigwa kufuli, na kila fundi anayeingiza mkono ndani ya mashine ameweka kufuli lake mwenyewe, ufunguo uko mfukoni mwake. Mafundi wanne, kufuli nne. Mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe la kwake. Nusu saa ya kulitazama hilo inafundisha usalama kuliko muhula wa mabango.

Kuhusu ripoti, mwendee mhadhiri wako kwa adabu, umwombe akubali kurasa mbili zenye mchoro wa mkono wa kitu kimoja, namba ulizosoma wewe, na maswali ambayo hukupata jibu. Kurasa hizo hazinakiliki.

*Mwalimu, mimi nasubu alumini Kariobangi Light Industries. Wanafunzi wa vyuo huja hapa kwa makundi, wanasimama mlangoni wanapiga picha kwa simu, hata salamu hawatoi. Mmoja aliniuliza kama nimesoma. Wafundishe adabu. — Fundi, Kariobangi*

Fundi mwenzangu, pole sana. Limenichoma, maana waliokuja kwako wametoka mikononi mwa walimu kama mimi.

Nyinyi wanafunzi mnaosoma hapa, sikilizeni mlichokikosa siku ile. Kuna ubao uliochongwa kwa umbo la kifaa, na fundi anaufukia mchangani kutengeneza kalibu. Ubao ule ni mkubwa kuliko kifaa chenyewe, kwa makusudi: alumini hunywea inapopoa, karibu milimita 13 kwa kila mita. Pande zake zimelazwa kidogo ili uchomoke bila kuubomoa mchanga. Fundi anachota mchanga, anaufinya kwenye kiganja, anautazama ulivyoshikana. Ukiwa na maji mengi, chuma cha moto kitayageuza mvuke, na kifaa kitatoka na matundu ndani. Unyevunyevu ule anaupima kwa vidole, na miaka ya kosa na masahihisho imo ndani ya vidole hivyo. Kisha mtu anamuuliza kama amesoma!

Ukienda, salimia kwanza. Taja jina lako na unachosomea. Uliza jina lake ulitumie. Usimsemeshe mtu anapomimina chuma, ngoja amalize. Picha ni baada ya ruhusa. Na ukinunua chai na mandazi ya saa nne kwa ajili ya karakana, hiyo ni shukrani ya kiungwana.

*Mwalimu, salamu nyingi kutoka Umoja. Binti yangu anasomea diploma ya uhandisi wa umeme na anatakiwa kufanya atachimenti ya miezi mitatu. Amezunguka Lunga Lunga Road, Enterprise Road, Likoni Road, na kila geti anaambiwa nafasi zimejaa au aache barua kwa askari. Sasa mtu amemwambia atoe elfu kumi na tano atafutiwe nafasi. Nauli imenimaliza. Mjomba wake ana karakana ya kusuka mota Kariobangi. Je, akienda huko chuo kitakubali? — Mzazi, Umoja*

Mzazi mwenzangu, hizo elfu kumi na tano usitoe. Usitoe hata elfu moja. Anayeuza nafasi ya mwanafunzi ni mwizi, na mara nyingi nafasi yenyewe haipo. Namba ya simu ya mtu huyo ipeleke kwa mkuu wa idara ya binti yako, na kama ameitaja kampuni, pigia kampuni hiyo uwaambie jina lao linatumiwa.

Barua inayoachwa kwa askari wa geti haifiki mbali, na askari hana kosa. Binti aandike upya. Ile barua ya jumla ya chuo iambatane na yake mwenyewe, aya mbili tu, imwendee mkuu wa matengenezo wa kampuni moja kwa moja. Aseme anaweza nini: kusoma mchoro wa saketi, kutumia maltimita, kufunga paneli ndogo. Anayeendesha matengenezo ndiye anayejua kama ana kazi ya mikono miwili ya ziada.

Jambo la pili ni bima. Kampuni nyingi zinakataa wanafunzi kwa hofu ya ajali, na hawasemi wazi. Chuo kimpe binti karatasi inayoonyesha kwamba amekatiwa bima kwa muda wote wa atachimenti, na aiweke juu kabisa ya zile nyingine. Apite pia NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo makao yake yako Commercial Street huko huko Industrial Area. Kuratibu atachimenti ni sehemu ya kazi yao. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, kwa hiyo mwanafunzi anayeomba nafasi asijione anaomba sadaka. Mafunzo yake ni jambo ambalo nchi imekubaliana kuligharimia.

Sasa karakana ya mjomba. Ningekuwa mimi mzazi, ningempeleka kesho, nikishatimiza masharti mawili. Chuo kiikubali kwa maandishi na kumtuma mwalimu wa kumkagua, na mjomba amtendee kama mwanafunzi wa mtu mwingine. Asimtume dukani, asimkalishe mapokezi kupokea simu.

Wasomi wengi wanadharau karakana ya kusuka mota, na wanajinyima darasa kubwa la mitambo ya umeme. Mota iliyoungua inaletwa. Kabla ya kuikata koili, fundi anaisoma. Kama mota imeungwa kwa nyota, mojawapo ya njia mbili za kuunga koili, na koili za fezi mbili zimekuwa nyeusi huku za fezi ya tatu zikiwa bado zinang'aa, anajua kwamba fezi moja ilikatika. Kama ni ile njia ya pili, muungo wa delta, inaungua fezi moja, mbili zinabaki nzima. Zikiwa zote nyeusi sawasawa, mzigo ulizidi au hewa ya kupooza iliziba. (Mwanafunzi wa Juja, unaona sasa jibu la yule fundi wa kiwandani linathibitishwa wapi?) Baada ya hapo anahesabu mizunguko ya waya katika koili moja, anapima unene wa waya kwa maikromita, anaandika koili inaruka nafasi ngapi, ndipo anakata. Anasafisha nafasi zote, anaweka karatasi za kuzuia umeme, anasuka upya, anapaka vanishi, anaoka. Mwishoni anapima kwa mega kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa mota. Akiruka hatua ya mwisho, mteja anaweza kufa.

Binti akiyafanya hayo kwa mikono yake miezi mitatu, kampuni yoyote itakayomhoji itamsikia anaongea tofauti. Asichokipata huko ni mitambo mikubwa, paneli za kisasa na nidhamu ya makaratasi. Kwa hiyo aendelee kuandika barua kwa ajili ya atachimenti ijayo.

*Mwalimu, ni mhadhiri kijana katika chuo kimoja jijini. Bajeti ya ziara imefutwa. Mkuu wa idara anasema programu za kompyuta zinaonyesha kila kitu, na ziara ni kupoteza siku za masomo. Nimjibu nini? — Mhadhiri, Nairobi*

Usizikatae programu. Zinaonyesha mkazo ndani ya chuma ambao jicho halitauona kamwe, na mwanafunzi anaweza kuvunja daraja mara mia bila kumuumiza mtu. Mweleze mkuu wako kuhusu Kansas City.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya mji huo wa Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa ukumbini vilianguka juu ya watu. Walikufa 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kijia cha ghorofa ya nne kilikuwa juu ya kile cha ghorofa ya pili. Mchoro wa mwanzo uliviwekea vyote fito zile zile: ufito mmoja mrefu wa chuma unaoshuka kutoka darini, unapita kwenye boriti ya kijia cha juu, unaendelea hadi cha chini. Kila kijia kingekaa juu ya nati yake.

Tazama nati ya kijia cha juu. Iko katikati ya ufito. Ili ifike pale, inabidi ufito ukatwe hesi, ile mikato ya mzunguko inayoshikana na nati, kuanzia mwisho wake wa chini mpaka hapo katikati, mita kadhaa za hesi, kisha ziinuliwe bila kugongwa wala kuharibika. Waliotengeneza chuma wakaona kazi hiyo haitekelezeki. Wakapendekeza fito mbili fupi: moja kutoka darini hadi boriti ya juu, nyingine kutoka boriti hiyo hiyo hadi kijia cha chini. Kwa karatasi inaonekana ni jambo dogo. Lakini sasa kijia cha chini kilikuwa kinaning'inia kwenye boriti ya kijia cha juu, na nati iliyopaswa kubeba kijia kimoja ikabeba viwili. Badiliko likapitishwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa mwanzo haukutimiza kanuni za ujenzi za mji ule. Badiliko likazidisha ubaya maradufu.

Mimi nikiisoma habari ile huwa naifikiria hesi. Mtu aliyewahi kusimama kwenye kerezo akakata hesi kwenye ufito mrefu, akaona jinsi inavyojeruhika ukiuangusha sakafuni, hawezi kuchora mchoro wa kwanza bila kujiuliza utatengenezwa vipi. Na mtu aliyezoea kuongea na mafundi, wakimletea badiliko, atachukua kalamu afuate mzigo unapita wapi. Programu hukokotoa kile ulichoingiza. Haikuambii kwamba ulichokichora hakuna mtu atakayeweza kukitengeneza.

Mkuu akisema siku za masomo zinapotea, mkumbushe Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Mwaka 1906 alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakikaa wiki moja darasani na wiki moja kiwandani. Walipangwa wawili wawili: mmoja akiwa chuoni mwenzake yuko kazini, kwa hiyo mwenye kiwanda hakuwahi kubaki na pengo. Wazo hilo la wawili wawili lingetufaa sana Nairobi, ambako kampuni zinalalamika kwamba mwanafunzi anaondoka akianza tu kuielewa kazi. Kesho tafuta kampuni moja tu, nafasi moja tu, na wanafunzi wawili, ujaribu.

Hata hapa kwetu sheria haimwamini aliyesoma darasani peke yake. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mwenye digrii husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na lazima afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kuomba usajili wa mhandisi kamili. Ziara na atachimenti ndizo mwanzo wa njia hiyo.

Na kama fedha hakuna kabisa, hama kwenye fikra za basi na safari ya Olkaria. Olkaria ni pazuri, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme pale tangu 1981, lakini siku nzima inaishia barabarani. Kamukunji, kwa mafundi wa bati, mnafika kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Mpe kila mwanafunzi kitu kimoja, jiko au sanduku la bati, akifuate kutoka bati bapa hadi kwa mnunuzi, ahesabu chuma kinachotupwa. Makumbusho ya Reli yako jirani na stesheni, na garimoshi za mvuke pale ziko wazi kiasi kwamba mtafuata kwa kidole njia ya nguvu kutoka pistoni hadi gurudumu. Wa ujenzi waende Ruai kwenye mabwawa ya majitaka ya jiji, waone uchafu unavyosafishwa kwa jua, hewa na bakteria, bila mitambo mikubwa. Maji ya bwawa la Ndakaini husafishwa Ng'ethu kisha hushuka kwa mteremko wenyewe mpaka jijini. Hilo ni somo zima la shinikizo, na linatoka kwenye bomba la nyumbani kwa kila mwanafunzi.

Zaidi ya yote, rudini mahali pale pale. Nachagua mara tatu kwenye jengo moja linalojengwa karibu na chuo, msingi, nguzo, slabu, kuliko viwanda vitatu tofauti. Mara ya kwanza mafundi wanawatazama nyinyi. Mara ya tatu wanawaita mje muone.

*Mwalimu, daftari la atachimenti naliandikaje? Kila siku naona nimeandika kitu kile kile. — Mwanafunzi, Kabete*

Kwa sababu unaandika "leo nilisaidia matengenezo ya pampu". Andika hivi: "Pampu namba 2 ilikuwa ikivuja kwenye shafti. Tulifungua, tukakuta sili imelika upande mmoja. Fundi alisema shafti na mota havikuwa kwenye mstari mmoja. Tulibadilisha sili, tukapanga upya, tukaweka vipande vyembamba vya bati chini ya mguu wa mbele wa mota. Sikuelewa kwa nini mguu mmoja tu." Sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani kubwa. Kesho yake iulize, na jibu liandike chini yake. Chora kila unapoweza, tena andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Daftari linalojazwa Ijumaa kwa wiki nzima mkaguzi hulitambua kwa kulitazama tu.

*Mwalimu, mimi ni msichana pekee kwenye saiti ya ujenzi hapa Nairobi. Msimamizi ananiweka ofisini nipange faili. Nikitoka nje baadhi ya wanaume wananiambia maneno. Buti nilizopewa ni kubwa, nimeshajikwaa. Choo ni kimoja, hakifungiki. Nivumilie hadi mwisho? — Mwanafunzi, mwaka wa nne*

Binti yangu, hapana. Nilipoingia karakana ya kwanza nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na najua unachokieleza. Kuna mambo ya kuvumilia: jua, vumbi, kazi ngumu, fundi mkali. Hayo uliyoyataja hayamo.

Anza na buti leo. Vifaa vya kujikinga visivyokutosha havikukingi, na chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 mwenye eneo la kazi ana wajibu wa kuwalinda walio humo, wewe ukiwa mmojawapo. Mwambie afisa wa usalama wa saiti, kisha umwandikie: tarehe, namba ya buti unayovaa, na kwamba umejikwaa. Ombi la choo kinachofungika liandike kwenye barua hiyo hiyo.

Maneno ya wanaume hao yaandike kama ulivyoyasikia, nani, lini, wapi, na nani alikuwepo. Mpelekee msimamizi na mwalimu wako wa atachimenti siku moja, ili kila mmoja ajue mwenzake anajua. Ukitishwa au kuguswa, ondoka saiti uje chuoni moja kwa moja. Atachimenti itatafutwa kwingine, na chuo kinachokuambia urudi ukavumilie kimekukosea.

Kuhusu faili: nenda kwa msimamizi asubuhi, kabla kazi haijaanza, na ombi moja mahususi. Usimwambie unataka kujifunza. Mwambie, "Alhamisi mnamimina zege la slabu ya pili, naomba nishike kipimo cha ulaini wa zege kwa kila lori linaloingia." Ni kazi wanayoihitaji: ile koni ya chuma inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka inagongwa kwa ufito mara 25, koni inainuliwa, na unapima zege limeshuka milimita ngapi. Namba zako zitaamua lori lipi linamimina na lipi linarudi. Nyoosha mkono, usome rula, uandike, utie sahihi. Akikukatalia tena, niandikie, na nitampigia mwalimu wako mimi mwenyewe.